Kutofunga si Kutohesabu

Februari 2021 nilipita katika kituo kimoja cha afya wilayani, kituo cha kawaida kama vilivyo vingi nchini: mwembe uani, mabenchi ya saruji, na mlangoni ndoo ya maji tiririka ambayo koki yake ilikuwa imekauka siku nyingi. Muuguzi mfawidhi alikuwa mama mtu mzima, amebakiza miezi michache astaafu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kutukagua?"

Nikamwambia nimepita kusalimia tu. Akanitazama kidogo, kisha akafungua kabati, akatoa daftari la MTUHA la wagonjwa waliolazwa, akaliweka mbele yangu bila kusema neno. Nikasoma safu ya ugonjwa kutoka juu kwenda chini: nimonia, nimonia, malaria, nimonia, pumu, changamoto ya upumuaji, nimonia. Nikasoma safu ya umri. Wengi walikuwa wamevuka miaka 60. Pembeni ya baadhi ya mistari palikuwa na nukta ndogo ya penseli. Nikamuuliza nukta zile ni za nini. Akashusha sauti, ingawa chumbani tulikuwa wawili tu.

"Hizo ni zangu. Ni wale ninaowadhania. Nimeweka kwa penseli ili zifutike."

Kazi yangu ni kufuatilia magonjwa ya mlipuko. Nimesoma majedwali mengi na ripoti nyingi, lakini sijakutana na takwimu iliyoniumiza kama nukta zile. Mtumishi wa umma mwenye uzoefu wa miongo karibu minne alikuwa anafanya kazi aliyofundishwa na Serikali, kuhesabu wagonjwa, huku akiificha Serikali hiyohiyo.

Miaka imepita sasa. Mjadala wa korona Tanzania ukianza, watu hugawanyika upesi. Kuna wanaosema hayati Rais John Magufuli alituokoa kwa kukataa kutufungia ndani. Kuna wanaosema alituangamiza kwa kuukana ugonjwa. Nimewasikiliza wote, misibani, vijiweni na kwenye kumbi za mikutano, na naona wote wamefunga furushi moja vitu viwili visivyopaswa kufungwa pamoja. Serikali ilifanya maamuzi mawili. La kwanza lilikuwa kutofunga nchi. La pili lilikuwa kuacha kuhesabu wagonjwa. La kwanza linaweza kutetewa, na hapa nitalitetea. La pili halina utetezi. Na mpaka leo tunaziacha sifa za lile la kwanza zilifunike la pili.

Tulianza vizuri

Tusisahau kwamba mwanzo wetu ulikuwa mzuri. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza, Mtanzania aliyerejea kutoka Ubelgiji na kutua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro siku moja kabla. Kesho yake Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, akatangaza kufungwa kwa shule, na vyuo vikafuata. Ligi ya soka ikasimama. Daladala zikaamriwa kubeba abiria waliokaa tu, "levo siti" kama tulivyoizoea. Kila duka, kila ofisi, kila msikiti na kanisa palichomoza ndoo yenye koki na kipande cha sabuni. Watoto wa mitaani kwetu walijua kuosha mikono kwa sekunde 20 kabla hawajajua jina kamili la ugonjwa.

Waziri alikuwa akitoa idadi: wapya wangapi, wamepona wangapi, wamefariki wangapi, mkoa gani. Kwa macho ya mtu wa fani yangu, wiki zile sita zilikuwa na kasoro za kawaida za nchi yoyote iliyoshtukizwa. Mfumo ulikuwepo, watu walikuwepo, na wananchi walikuwa wanasikiliza.

Kwa nini kutofunga kunatetewa

Wakati huo nchi nyingi zilikuwa zinaiga mtindo mmoja: funga kila kitu, kila mtu akae ndani. Rais Magufuli alikataa. Hoja yake ya kiuchumi ilikuwa na uzito. Mama anayeuza vitumbua alfajiri ili mchana anunue unga hawezi kuambiwa akae ndani wiki tatu. Hana akiba, hana jokofu, na chumba anachokaa na watoto wanne hakina nafasi ya kutengana na mtu.

Waliofunga walilipa gharama zake. Kenya iliweka kafyu Machi 2020, na ndani ya siku chache polisi wakiitekeleza risasi ikamuua mtoto wa miaka 13 aliyekuwa kwenye baraza ya ghorofa ya nyumbani kwao, Nairobi. Uganda ilifunga shule Machi 2020 na haikuzifungua kikamilifu hadi Januari 2022, kufungwa kwa muda mrefu kuliko kokote duniani. Wasichana wengi walioondoka darasani hawakurudi. Sisi wanafunzi wetu walikuwa wote madarasani mwishoni mwa Juni 2020. Uchumi wetu ulipungua kasi lakini haukurudi nyuma: kwa takwimu rasmi ulikua kwa asilimia 4.8 mwaka 2020, ukilinganisha na asilimia 7 mwaka uliotangulia. Walioumia zaidi ni wa utalii, kwani wageni walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000, na hao wageni hawakuzuiwa na amri yetu bali na hali ya dunia.

Kulikuwa na jambo jingine upande wetu, ambalo halikutokana na uamuzi wa mtu yeyote: umri. Nusu ya Watanzania wako chini ya miaka 18 au karibu na hapo, na kirusi hiki kiliwaua wazee kuliko vijana kwa tofauti kubwa mno. Nchi yenye vijana wengi hivi isingeona majeneza kama yaliyoonekana Italia, hata kama isingefanya chochote. Hii ndiyo sababu wengi wetu tulipotazama mitaani tuliona maisha yanaendelea, tukaamini hakuna kitu.

Kwa hiyo mimi si miongoni mwa wanaosema tungefunga. Lakini lipo jambo ambalo watetezi wa kutofunga hawajalitafakari vya kutosha. Nchi inayofunga kila kitu inaweza kwenda kwa macho nusu, maana imewazuia wote, wagonjwa kwa wazima. Nchi inayoamua kuacha watu watembee ndiyo inayohitaji kuona zaidi. Inapaswa kujua wiki hii homa iko mji gani, inawakamata watu wa umri gani, ni hospitali ipi inaishiwa oksijeni, ni wazee wa wapi wahimizwe kukaa mbali na harusi na mazishi. Kutofunga ni sera inayoishi kwa takwimu. Tulichagua njia ambayo haipitiki bila taa, kisha tukaizima taa.

Mizani na mawe yake

Tarehe 29 Aprili 2020 idadi ya nchi nzima ilitolewa kwa mara ya mwisho: wagonjwa 480, vifo 16. Zanzibar iliendelea kwa siku chache, ikanyamaza tarehe 7 Mei. Jumla yetu katika vitabu vya Shirika la Afya Duniani ikaganda kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na ikabaki hivyo kwa zaidi ya mwaka mmoja, kama saa ya ukutani iliyokufa betri.

Katikati ya tarehe hizo mbili ndipo palipotokea la papai na mbuzi. Tarehe 3 Mei, akiwa Chato, Rais alieleza kwamba sampuli zisizo za binadamu zilipelekwa kwa siri katika maabara ya taifa zikiwa na majina ya watu, na kwamba baadhi, zikiwemo za papai na mbuzi, zilirudi na jibu la kuwa na virusi. Mkurugenzi wa maabara akasimamishwa kazi na kamati ya uchunguzi ikaundwa. Taasisi ya Afrika ya kudhibiti magonjwa, iliyokuwa imetoa vipimo hivyo, ikavitetea.

Nataka kuwa mwadilifu hapa. Kutilia shaka maabara si dhambi. Maabara isiyohojiwa ni hatari. Kila awamu ya upimaji wa aina hii hubeba sampuli mbili za ulinzi: moja inayojulikana ina kirusi, na nyingine ya maji safi yasiyo na kitu. Maji safi yakitoa jibu kwamba yana kirusi, awamu nzima hutupwa na kurudiwa, kwa sababu uchafu umeingia mahali fulani: kwenye glovu, kwenye mashine, kwenye chumba. Kwa hiyo swali la Rais lilikuwa swali halali. Kilichokosewa ni jibu.

Mwenye duka akiambiwa mizani yake inadanganya, hafungi duka na kuanza kugawa sukari kwa kukisia. Anaitwa mtu wa Wakala wa Vipimo, anakuja na mawe yake yaliyothibitishwa, anayaweka juu ya mizani mbele ya wateja, na kila mtu anaona. Nasi tulikuwa na mawe ya kuazima karibu: taasisi ya virusi ya Entebbe, KEMRI ya Nairobi, taasisi ya magonjwa ya kuambukiza ya Johannesburg. Tungechukua sampuli mia moja zilizokwisha kupimwa, nusu zenye jibu la ndiyo na nusu la hapana, tukazipeleka kwa wenzetu bila kuwaambia chochote, kisha tukatangaza matokeo yakiwa mazuri au mabaya. Kazi hiyo haizidi wiki mbili. Mizani ingetengemaa na biashara ingeendelea. Badala yake shaka juu ya mizani ikawa sababu ya kutopima tena.

Usipojihesabu, utahesabiwa

Takwimu zikinyamaza, kuhesabu hakukomi. Huhamia tu kwa mtu mwingine.

Wa kwanza kutuhesabu walikuwa majirani. Mei 2020 Zambia ilifunga kwa siku kadhaa mpaka wa Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, baada ya wagonjwa kuongezeka upande wake. Tarehe 16 mwezi huohuo Rais Uhuru Kenyatta akafunga mpaka wa Kenya na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, na madereva wa malori wakalazimika kupimwa. Namanga ikawa na majibu mawili: dereva aliyeambiwa upande wa kule ana virusi, upande wa huku akapimwa upya na kuambiwa hana. Malori yakapanga foleni, nyanya zikaoza, na dereva akalala chini ya tela lake. Katika mabishano ya namna hiyo, dunia humwamini yule anayetangaza hesabu zake kila siku jioni, hata kama hesabu hizo zina upungufu. Asiyetangaza hana cha kuweka mezani. Mwezi Agosti Kenya ilipofungua anga yake na kuiacha Tanzania nje ya orodha, tukajibu kwa kuzuia ndege za Kenya. Tuliligeuza suala la afya kuwa la heshima ya taifa, na heshima hiyo tungeilinda kwa urahisi zaidi tukiwa na jedwali mkononi.

Wa pili walikuwa viongozi wa dini. Mwishoni mwa Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania liliwaandikia waumini kuwatahadharisha juu ya wimbi jipya. Mwanzoni mwa Machi katibu wa baraza hilo, Padri Charles Kitima, akasema hadharani kwamba ndani ya miezi miwili mapadri zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki, wengi wakiwa na matatizo ya kupumua. Hakudai kwamba wote waliuawa na korona, maana hakuwa na maabara. Alichokuwa nacho ni orodha ya watu wake, na hiyo ilitosha kuonyesha kwamba miezi ile haikuwa ya kawaida.

Februari hiyo nchi ilikuwa imempoteza Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake cha ACT-Wazalendo kilisema wazi mwishoni mwa Januari kwamba ameambukizwa korona. Najua ilivyokuwa vigumu kwa chama cha siasa kutamka vile wakati ule. Katika wiki hizohizo Serikali yenyewe ikaanza kuhimiza barakoa, bila kutoa idadi yoyote. Mwananchi aliambiwa avae, ila hakuambiwa anajikinga na ugonjwa wa kiasi gani.

Wa tatu alikuwa jirani yetu Zambia kwa njia nyingine. Katikati ya mwaka 2020 watafiti walipima maiti 364 zilizofikishwa chumba cha maiti cha hospitali kuu ya Lusaka. Takriban moja kati ya sita ilikuwa na kirusi, na karibu wote hao hawakuwahi kupimwa walipokuwa hai. Wengi walikuwa wamefia majumbani. Lusaka si Dar es Salaam, lakini watu wake hawatofautiani sana na sisi kwa umri, kwa kipato na kwa mazoea ya kwenda hospitali. Yeyote anayesema Afrika ilipita salama kwa sababu haikuonekana kufa, auangalie utafiti huo. Kifo kisichopimwa hakionekani, na ile nchi ilikuwa inapima.

Jina la ugonjwa

Yule mama muuguzi alizaliwa Kagera, na huko ndiko alikoanzia kazi miaka ya 1980. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walionekana mkoani kwake mwaka 1983. "Hatukuita UKIMWI," aliniambia. "Tuliita Juliana." Juliana lilikuwa jina la nguo zilizokuwa zikiingia kwa magendo kutoka Uganda, ugonjwa uliposhuka na wafanyabiashara walewale, watu wakaupa jina la nguo. Baadaye yakaja mengine: miwaya, ngoma, umeme. "Ilichukua miaka mingi mtu kulitaja kwenye msiba," akasema. "Sasa tumerudi kulekule. Changamoto ya upumuaji."

Maneno hayo si mapambo. Jina ndilo linaloingia kwenye daftari, kutoka kwenye daftari likaingia kwenye ripoti ya wilaya, na kutoka kwenye ripoti zikaja dawa. Kituo chake kilikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni, na siku niliyofika palikuwa na wagonjwa watatu waliouhitaji. Alikuwa amejaza fomu ya kuomba mitungi zaidi. Kwenye nafasi ya sababu aliandika nimonia. Fomu ikarudi na swali: kwa nini nimonia imeongezeka ghafla hivyo? Jibu alilijua. Hakuwa na neno la kuliandikia.

Kuhusu nyungu, yaani kujifukiza mvuke wa majani, sina ugomvi mkubwa nayo. Bibi zetu walijifukiza kwa mwarobaini na mchaichai kabla ya korona, na mvuke humpa nafuu mtu aliyebanwa mafua. Waliokwenda Madagaska kuchukua kinywaji cha mitishamba Mei 2020 walikuwa wanatafuta kitu cha kuwapa watu tumaini. Ubaya ulikuja pale nyungu ilipokaa mahali pa kipimo. Ugonjwa huu una ujanja wake: mgonjwa anaweza kuongea, hata kutabasamu, ilhali oksijeni mwilini imeshuka kiasi cha kutisha. Kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kinaonyesha hilo kwa nusu dakika. Aliyefunikwa blanketi juu ya sufuria haonyeshwi, na wengi walioletwa kwa yule mama waliletwa wakiwa tayari wamechelewa siku tatu au nne.

Deni la imani

Baada ya kifo cha Rais Magufuli, Rais Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19 Machi 2021. Mwezi uliofuata akaunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Said Aboud wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, na katikati ya Mei kamati ikamkabidhi ripoti. Ilishauri takwimu zirudi na chanjo zije. Mwishoni mwa Juni Rais mwenyewe akataja idadi: wagonjwa 100 na zaidi, 70 kati yao wakiwa kwenye oksijeni. Tarehe 24 Julai dozi 1,058,400 za Janssen zikapokelewa, na siku nne baadaye akachanjwa hadharani, kama Rais Kikwete alivyopima VVU hadharani mwaka 2007.

Lakini sindano zikakaa kwenye majokofu. Miezi sita tu kabla, wananchi walikuwa wameambiwa kutoka ngazi ya juu kabisa kwamba chanjo hazifai na kwamba nchi haina mpango nazo. Mtu aliyeambiwa mwaka mzima kwamba ugonjwa haupo hawezi kushawishika kwa siku moja kuchanjwa dhidi yake. Sisi wataalamu tuliwalaumu wananchi kwa uvumi wa mitandaoni. Tuliwaonea. Uvumi ulijaza nafasi ambayo takwimu ziliiacha wazi. Hadi Januari 2022 waliokamilisha chanjo hawakufika asilimia 5 ya Watanzania.

Kilichofuata ndicho kinachonipa moyo, na hakisimuliwi vya kutosha. Chini ya mpango ulioitwa Shirikishi na Harakishi, chanjo iliondoka hospitali kubwa ikawafuata watu: mnadani, stendi, kwenye mwalo wa samaki, baada ya swala ya Ijumaa, baada ya misa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii waligonga mlango kwa mlango, na walikuwa watu wa hapohapo kijijini, wanaojulikana kwa majina ya watoto wao. Viongozi wa dini walichanjwa mbele ya waumini. Kila wiki mkoa uliona namba yake na ya jirani yake. Kufikia 2023 zaidi ya nusu ya Watanzania wote walikuwa wamekamilisha chanjo. Wananchi walewale tuliowaita wabishi waliitika walipofuatwa kwa heshima na kuelezwa ukweli.

Kagera mara mbili

Mtihani haukuchelewa. Tarehe 16 Machi 2023 Serikali ilitangaza kwamba kuna ugonjwa usiojulikana Bukoba Vijijini na kwamba umeua watu. Tarehe 21 ukapewa jina: Marburg, ndugu wa Ebola. Usiku ule simu yangu iliita. Yule mama alikuwa amestaafu na kurudi kwao.

"Umesikia? Safari hii wametaja. Siku tano tu, wametaja."

Waliougua walikuwa tisa, waliofariki sita, mhudumu wa afya akiwa miongoni mwao. Watu zaidi ya 200 waliokutana nao walifuatiliwa mmoja mmoja, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwisha. Kwa ugonjwa unaoua nusu ya unaowakamata au zaidi, huo ni ushindi mkubwa, na ulipatikana kwa watumishi walewale, kwa mfumo uleule wa taarifa. Kilichoongezeka ni ruhusa ya kusema.

Halafu Januari 2025, Kagera tena, safari hii Biharamulo. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari ya washukiwa wa Marburg. Wizara ikajibu kwamba sampuli zote zilizopimwa hazina kirusi. Tarehe 20 Rais, akiwa Dodoma pamoja na mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika. Mlipuko ulipokwisha Machi, hesabu ilikuwa wagonjwa kumi, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, na wote kumi walikuwa wamefariki. Mama akanipigia tena. Hakuwa na furaha ya mwaka 2023. "Kwa nini safari hii tumesikia kwa wageni kwanza?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Ni kweli sampuli za mwanzo zinaweza kurudi hazina kitu na za baadaye zikawa nacho, hutokea. Lakini tungelisema hivyo wenyewe tangu siku ya kwanza, "tuna vifo tusivyovielewa, tunapima, kesho tutawaeleza," pasingekuwa na la kukanusha wala la kusahihisha.

Kinachotakiwa sasa

Nikiangalia safari yote, kutoka Machi 2020 hadi Biharamulo, naona uwazi wetu bado unategemea nani amekalia kiti na ameamkaje siku hiyo. Hilo ndilo la kurekebisha.

Mosi, kutangaza takwimu za mlipuko kuwe wajibu wa taasisi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutangaza mfumuko wa bei kila mwezi, uwe umepanda au umeshuka. Hakuna waziri anayesubiriwa aamue kama mwezi huu wananchi wajue bei ya unga. Tuna Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Iongezwe humo kifungu kinachoilazimisha taasisi moja ya wataalamu kutoa taarifa ya magonjwa ya mlipuko kila wiki, na kinachomlinda mtaalamu anayeitoa. Sheria ya Takwimu iliwahi mwaka 2018 kumtishia kwa adhabu aliyechapisha namba zinazopingana na za Serikali. Makali hayo yaliondolewa 2019, lakini hofu iliyopandwa haikung'olewa na marekebisho ya kifungu. Inang'olewa na desturi mpya.

Pili, maabara ikihojiwa, ihojiwe kwa maabara nyingine, kwa utaratibu ulioandikwa kabla ya ugomvi kutokea, na majibu yawekwe hadharani.

Tatu, na hili ndilo ninalolipigania zaidi, tusajili vifo. Hata tusipokuwa na kipimo chochote, tukijua kila wiki wamezikwa wangapi katika kila kijiji, tutaona homa inapoingia. Mtendaji wa kijiji anawajua waliokufa. Shehe na mchungaji waliwazika. Kinachokosekana ni daftari moja na simu moja ya kutuma namba. Mkopo wa korona wa shilingi trilioni 1.3, uliozinduliwa kwa matumizi Oktoba 2021, ulijenga madarasa 15,000, kila moja kwa shilingi milioni 20, na Januari 2022 watoto waliingia kidato cha kwanza wakiwa na pa kukaa. Wananchi bado wanayaita madarasa ya UVIKO, na yanastahili sifa. Daftari la vifo la kijiji lingegharimu sehemu ndogo mno ya fedha zile, nalo lingebaki kutulinda wakati rangi ya madarasa imechujuka.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kilio kilisikika mwaka 2021, na waliohesabu badala yetu walikuwa maaskofu, majirani, watafiti wa kigeni, na mama mmoja mwenye penseli. Simlaumu kwa kuchagua penseli; alikuwa na familia na pensheni ya kulinda. Kwenye kiti chake sasa amekaa kijana aliyehitimu juzi. Siku homa ngeni itakapobisha hodi pale kituoni, na itabisha, kipimo changu cha kama tumejifunza kitu hakitakuwa hotuba ya Dodoma. Nitafungua kabati lile, nitoe daftari, nitazame ameandika kwa penseli au kwa wino.